Nyumba ya wazee, mlezi wa kulipwa au kitanda cha polikliniki: jinsi ya kulinganisha matunzo ya mzee Lubumbashi

Baba amepigwa na kiharusi, amelazwa wiki tatu, na leo daktari ametia sahihi karatasi ya kutoka. Upande wa kushoto umepooza. Watoto wamekaa sebuleni Katuba wakihesabiana: mmoja yuko Kolwezi, mwingine anafanya biashara Kasumbalesa, wa tatu ni mwalimu, wa nne ana mtoto mchanga. Hapo ndipo mapendekezo yanapoanza. Iko nyumba ya wazee ya masista. Yuko mama mmoja wa parokia anayelinda wagonjwa kwa mshahara. Iko polikliniki ya mtaani inayokubali kumweka mgonjwa hata miezi sita. Njia hizi tatu zote zinaweza kumtunza mzee vizuri. Zote tatu pia zinaweza kummaliza polepole, bila mtu hata mmoja kumkusudia mabaya.

Familia nyingi huchagua kwa macho: rangi ya ukuta, maua ya uani, sista anayepokea wageni kwa tabasamu. Daktari Avedis Donabedian wa Marekani aliandika mwaka 1966 kwamba matunzo hupimwa kwa mambo matatu: vitu na watu waliopo, yale yanayotendwa, na hali inayompata mgonjwa baadaye. Mgeni wa dakika kumi huona lile la kwanza tu. Yale mawili yaliyobaki yako kwenye kisigino cha mzee, kwenye kikombe kilicho kando ya kitanda chake, na kwenye jibu la swali moja ambalo watu huona haya kuliuliza: saa tisa ya usiku, nani anamgeuza?

Kwanza mjueni mzee wenu

Hakuna nyumba nzuri kwa kila mzee. Mwambieni ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi, nanyi mkihesabu kwa simu. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko katika hatari ya kuanguka na anahitaji mtu wa karibu. Asiyeweza kuinuka kabisa ni wa kitandani, na kwake suala la ngozi hutangulia mengine yote. Anayetembea vizuri lakini hajui aliko ni mzigo wa namna nyingine kabisa: huyo hahitaji mikono miwili ya kumwinua, anahitaji macho.

Ongezeni na mapafu. Wazee wengi wa mji huu walifanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, na zaidi ya elfu 10 walitoka kwa lile zoezi la kuondoka kwa hiari la 2003 na 2004. Mwenye mapafu yaliyochoka kwa vumbi hafai kulala jirani na jiko la makala (mkaa), hata kama chumba ni kizuri namna gani.

Kwa kifupi, zikiwekwa ubavu kwa ubavu

| | Nyumba ya wazee | Mlezi nyumbani | Kitanda cha polikliniki |
|---|---|---|---|
| Usiku | Mlezi 1, pengine 2, kwa wazee wote | Ninyi wenyewe, msipomlipa mtu wa pili | Muuguzi wa zamu, mwenye wagonjwa wengine wa haraka |
| Kumgeuza mtu mzito | Yawezekana mchana, ngumu usiku | Mtu mmoja hatoshi | Mara nyingi huachiwa ndugu |
| Chakula | Kimoja kwa wote | Anachokijua na kukipenda | Mnakileta ninyi |
| Homa ya ghafla | Inategemea kama muuguzi yupo | Mnatafuta teksi | Inashughulikiwa palepale |
| Upweke | Mdogo, wakiketishwa pamoja | Mdogo, nyumba ikiwa na watu | Mkubwa mno |
| Gharama inayojificha | Pampasi, dawa, safari za hospitali | Mtu wa kushika zamu, chakula cha mlezi | Glavu, dawa, kila sindano kwa bei yake |

Jedwali hili lisiwatoshe. Nyumba mbili za wazee katika komuni moja zinaweza kutofautiana kuliko nyumba ya wazee na polikliniki.

Saa za mikono

Hiki ndicho kipimo chetu cha kwanza, yaani saa ambazo mikono ya walezi humhudumia kila mzee kwa siku, nacho ni hesabu ya darasa la nne. Ulizeni wazee ni wangapi na wafanyakazi ni wangapi kwa kila zamu. Tuseme nyumba ina wazee 24. Mchana wapo walezi 3 kwa saa 12, usiku yupo 1 kwa saa 12, na muuguzi mmoja hufanya saa 8. 36, 12 na 8 ni 56. Gawanyeni kwa 24: kila mzee anapata saa 2 na dakika 20 kwa siku, na humo ndani mmo kuoga, kulishwa, choo, dawa na kugeuzwa. Msiwahesabu mpishi, mlinzi wa geti na mkurugenzi; hao hawamshiki mzee.

Ripoti iliyopelekwa kwa bunge la Marekani mwaka 2001 ilisema kwamba chini ya saa 4.1 kwa siku, wazee wanaokaa muda mrefu huanza kupata madhara ambayo yangezuilika. Kuitafuta 4.1 Lubumbashi ni kujichosha. Lakini tofauti ya 2 na 4 inaonyesha ni saa ngapi familia italazimika kuziba kwa kuja yenyewe, na nyumba inayowaambia ukweli huo siku ya kwanza ina alama zaidi kuliko ile inayosema “msijali, sisi tunafanya kila kitu”.

Kisha ulizeni swali la pili, ambalo ni kali zaidi: kati ya hao 24, wa kitandani ni wangapi? Tuseme 6. Kumgeuza mmoja, kumkagua na kumbadilisha pampasi huchukua kama dakika 10. Mara nne kwa usiku, kwa watu 6, ni dakika 240, yaani saa 4 nzima za kazi, na ni kazi ya watu wawili. Usiku yupo mmoja. Basi mkionyeshwa daftari lililojazwa “amegeuzwa” kila baada ya saa mbili usiku kucha, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule usiotetereka, limejazwa asubuhi kwa mpigo mmoja. Daftari la kweli lina mashimo. Lina saa za ajabu kama 8:40, lina neno “alikataa”, lina doa la chai.

Nyumbani hesabu inageuka. Mlezi wa saa 12 kwa mzee mmoja ni utajiri ambao hakuna nyumba ya wazee inayoweza kuutoa. Ila wiki ina saa 168. Mlezi wa siku sita anafunika 72. Saa 96 zilizobaki ni zenu, na humo mna usiku saba. Halafu kuna malaria yake mwenyewe, mtoto wake, na kilio cha ukoo kinachomchukua siku nne Likasi. Msipokuwa na mtu wa pili ambaye mzee amekwisha kumzoea, mpango wote umesimama juu ya afya ya mtu mmoja.

Polikliniki ndiyo inayodanganya macho kuliko zote. Koti jeupe lipo saa zote, na familia inadhani imenunua matunzo. Ilichonunua ni muuguzi wa kupima tansio (shinikizo la damu) na kuweka seramu. Kuogesha, kulisha na kubadilisha shuka kwa desturi ya hospitali zetu ni kazi ya ndugu aliyelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Muuguzi wa zamu ana mama anayejifungua na mtoto mwenye degedege. Mzee asiyepiga kelele atakuwa wa mwisho, na kwa haki kabisa. Ulizeni wazi: “Nani anamwogesha?” Jibu likiwa “ninyi”, basi mnalipa kitanda, na mikono mnaileta.

Kuhusu vyeo: muuguzi wa A2 amesoma ngazi ya sekondari, wa A1 ametoka chuo cha afya kama ISTM, A0 amekwenda juu zaidi. Nyumba ya wazee isiyo na hata A2 mmoja kwa zamu ya mchana tusingempeleka mwenye kisukari. Mlezi wa nyumbani si lazima awe muuguzi, ila awe amefundishwa na muuguzi, kwa kushika mwili wa mzee wenyewe na si kwa maneno, angalau siku mbili.

Ngozi

Vidonda vya kulala, ambavyo wauguzi huku huviita eskari, ndiyo ripoti ya kweli ya matunzo. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na madhara huanza baada ya saa chache tu. Kagueni chini ya mgongo juu ya matako, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko na kisogo.

Vitabu vingi husema mtafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, na ndiyo maana familia hushtuka kidonda kikiwa kimefunguka tayari. Tumieni mgongo wa mkono: sehemu inayoanza kuharibika huwa na joto au baridi kuliko jirani yake, huwa ngumu au laini kama embe lililoiva mno, humuuma, na rangi yake huelekea zambarau au kung'aa. Hiyo ni hatua ya kwanza. Ya pili ni lengelenge au ngozi iliyochubuka, ya tatu mafuta yanaonekana, ya nne msuli au mfupa. Ya kwanza hurudi nyuma mzigo ukiondolewa mapema. Ya nne huchukua miezi, kama hupona kabisa.

Kanuni inayofundishwa ni kugeuza kila saa 2. Kwenye godoro zuri la sponji nzito, kwa mtu ambaye ngozi yake bado ni imara, saa 3 au 4 usiku zaweza kutosha. Godoro lililozama katikati halina ruhusa hiyo. Bonyezeni kwa ngumi: mkigusa mbao, mzee naye anazigusa.

Tazameni pia wanavyofanya. Mzee alazwe kiubavu kwa mteremko wa kama nyuzi 30, mto ukiwa mgongoni, asisimamishwe juu ya mfupa wa nyonga. Mto wa miguu ukae chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino, ambazo bado zinaonekana sehemu nyingi, hazisaidii. Zinahamisha shinikizo mahali pengine na hupasuka. Mpira wa duara chini ya matako nao hubana damu pembeni. Kusugua mfupa ulioanza kubadilika rangi kwa alkoli au mafuta huvunja nyama iliyokwisha kuumia. Na mkiona mlezi anamvuta mzee kwa kwapa kumpandisha kitandani, ngozi ya mgongo inabaki nyuma wakati mifupa inapanda. Kitenge kilichokunjwa mara mbili chini ya mwili, watu wawili, mmoja kila upande, wanainua. Hakigharimu kitu, na asiyekijua hajafundishwa.

Swali la kuuliza uongozi: “Kwa sasa wangapi wana eskari? Wangapi walikuja nazo, na wangapi wamezipatia hapa?” Nyumba inayofuatilia itajibu kwa namba. “Hapa hatuna kabisa”, katika nyumba yenye watu 6 wa kitandani na mlezi mmoja usiku, ombeni kuona visigino.

Sahani na kikombe

Nendeni wakati wa chakula. Yote mengine yanaweza kupangwa kwa ajili ya wageni. Mzee asiyeweza kujilisha huhitaji dakika 20 hadi 40, na huo muda haupangwi. Mlezi aliyesimama, anayelisha watatu kwa zamu kijiko kwa kijiko, huyo hana watu wa kumsaidia. Sahani zinazorudi jikoni nusu zimejaa zinaeleza zaidi kuliko karatasi ya vyakula iliyobandikwa ukutani.

Baada ya kiharusi, kumeza ni jambo la hatari. Kikohozi wakati wa kunywa, sauti yenye maji, chakula kilichobaki ndani ya shavu: hizo ni dalili kwamba kitu kinaingia mapafuni, na nimonia itafuata. Aketishwe wima kabisa, kidevu kishuke kidogo, kijiko kiwe cha chai, na abaki wima nusu saa baada ya kula. Maji matupu ndiyo yanayompita haraka. Uji mzito humfaa zaidi. Tonge kavu la bukari (ugali) si lake. Bukari laini iliyolowekwa kwenye mchuzi wa sombe (majani ya muhogo) isiyo na nyuzi, au kapenta (dagaa) iliyosagwa, inawezekana. Mlezi wa nyumbani hushinda hapa kwa mbali, maana anapika kwa ajili ya koo moja.

Kinywaji kifike kama lita 1.5 kwa siku isipokuwa daktari amepunguza kwa sababu ya moyo au figo. Ni vikombe 7 au 8 vya mililita 200. Chai, uji na munkoyo (kinywaji cha mahindi) vinahesabiwa. Kikombe kikiwa upande wa mkono uliopooza ni sawa na hakuna kikombe. Kuna walezi wanaopunguza maji kwa makusudi ili mkojo upungue, na hawasemi. Mkojo wa rangi ya chai nzito na ulimi mkavu vitasema kwa niaba yao.

Angalieni na pengo la usiku. Sheria za Marekani kwa nyumba za namna hii zinaruhusu kwa kawaida saa 14 tu kati ya chakula cha jioni na kile cha asubuhi. Nyumba nyingi hugawa chakula saa kumi na moja jioni ili wapishi warudi kwao kabla ya giza, na chai huja saa mbili asubuhi: saa 15. Kwa mzee anayechoma insulini, hapo ndipo sukari inaposhuka alfajiri. Wawe wanatoa uji au ndizi saa mbili ya usiku.

Kipimo ni uzito. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi, au 6 kwa miezi sita, kuna tatizo la kutafutwa. Asiyeweza kusimama kwenye mizani hupimwa mkono wa juu, katikati ya bega na kiwiko, kwa utepe wa fundi cherehani: chini ya sentimita 21 amekonda, chini ya 18.5 ni hatari. Nyumba isiyo na mizani wala utepe haiwezi kujua kwamba mtu anakonda mpaka nguo zimwanguke.

Dawa, usingizi na sonda

Kila mzee awe na kisanduku chake chenye jina, na daftari lenye dawa, kipimo, saa na sahihi. Mkikuta vidonge vya wote kwenye bakuli moja, ondokeni. Vidonge vya tansio vya kutolewa polepole, kama nifedipini ya LP, havisagwi: vikisagwa dawa yote huingia kwa mara moja na shinikizo la damu huporomoka. Insulini isiyofunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chupa iliyofunguliwa hudumu kama wiki nne mahali pa baridi. Snel ikikata umeme siku mbili, friji ni kabati tu. Ulizeni wanafanya nini hapo.

Piteni saa nne asubuhi. Nusu ya watu wakiwa vichwa chini kwenye viti, mate yanatoka, ulizeni nani anapewa diazepamu na nani aliiandika. Dawa za kulaza wazee ni njia rahisi ya kupunguza wafanyakazi, na matokeo yake ni kuanguka, kupaliwa na eskari.

Sonda ya mkojo, yaani mpira wa kutolea mkojo, nayo ina mahali pake: mkojo uliogoma kutoka, kidonda kinacholowa. Lakini nyumba yenye sonda kwa nusu ya wazee inaokoa sabuni, na inawalipa wazee kwa maambukizi.

Anayepotea akili

Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ni mgonjwa mpaka ithibitike vingine. Malaria, maambukizi ya mkojo, ukosefu wa maji, kidonge kipya. Hapa polikliniki inazishinda zile mbili, kwani kipimo kiko mlango wa pili. Ila akishatibiwa atoke haraka. Kelele na taa za usiku humzidishia.

Aliyepotea polepole kwa miaka ni jambo lingine. Huyo nyumbani kwake ndipo akili inapobaki muda mrefu zaidi: anajua mlango, anajua mwembe wa uani. Lakini awe na uzio na mtu wa macho. Katika nyumba ya wazee, angalieni alama za kitambaa kwenye vifundo vya mikono. Kumfunga mtu kitandani hakuzuii kuanguka, huongeza majeraha.

Liko jambo ambalo miongozo ya ng'ambo hailitaji. Mzee anayeongea peke yake usiku, anayetembea uchi, anayeita majina ya waliokufa, hapa kwetu kuna watakaomwita mulozi, yaani mchawi. Mlezi akiamini hivyo hatamlisha kwa moyo, na ataweza kumpeleka kufunga na kuombewa siku tatu bila maji. Muulizeni kabla ya kumwajiri, bila kumtega: “Nkambo (babu au bibi) akiongea na marehemu usiku, utafanya nini?” Jibu zuri ni dogo: namwashia taa, namuuliza anataka nini, namrudisha kulala. Swali hilohilo liulizwe kwa walezi wa nyumba ya wazee, si kwa sista mkuu.

Maji, baridi, harufu

Shirika la Afya Duniani linataja lita 40 hadi 60 za maji kwa siku kwa kila mgonjwa aliyelazwa. Ni bidoni mbili au tatu za lita 20. Nyumba ya wazee 24 inayotegemea bomba la Regideso peke yake, bila tangi wala kisima cha pampu, siku bomba likikauka kitu cha kwanza kuachwa ni kuogesha.

Juni na Julai usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10, na mzee aliyekonda hupoa haraka. Hesabuni mablanketi: mawili kwa kitanda. Mkiona mbabula yenye makala inaingizwa chumbani na dirisha kufungwa, hilo ni kosa linaloua, nyumbani kwenu na kokote kule.

Harufu ya mkojo kwenye chumba kimoja asubuhi ni maisha. Kwenye korido nzima saa nane mchana ni upungufu wa watu au wa maji. Harufu kali mno ya javeli (dawa ya kusafishia) siku ya ziara iliyotangazwa haina maana yoyote, wala nzuri wala mbaya.

Ziara mbili, na karatasi

Ziara ya kwanza iwe ya miadi, ya pili isiwe na miadi: jioni, Jumapili, au saa ya chakula. Sikilizeni wanavyowaita wazee. “Baba”, “Mama”, “Nkambo” na jina lake, au “yule wa kitanda cha saba”? Hesabuni dakika kati ya mzee kuita na mtu kufika. Zungumzeni na mlezi wa usiku anapoingia zamu, ulizeni amefanya kazi hapo tangu lini na mwezi uliopita alilipwa lini. Mlezi asiyelipwa miezi mitatu atatafuta pesa kwa wageni, na mzee asiye na wageni ndiye atakayeumia.

Katiba ya 2006, ibara ya 49, inampa mzee haki ya ulinzi maalumu kulingana na mahitaji ya mwili, akili na roho yake. Katika maisha ya kila siku, anayesimamia nyumba hizi ni Divas, idara ya mambo ya jamii ya mkoa. Ombeni kuona kibali chake. Pensheni ya CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii, ibaki mikononi mwa mzee au mtoto aliyechaguliwa na ukoo. Nyumba inayodai kushika kadi yake “kurahisisha mambo” ikataliwe.

Bei ya mwezi mnayotajiwa si bei. Ongezeni pampasi 4 kwa siku, ambazo ni 120 kwa mwezi, glavu, dawa, teksi za hospitali. Kwa polikliniki ongezeni chakula na nauli ya ndugu anayelala pale. Kwa mlezi wa nyumbani ongezeni mtu wa usiku. Mara nyingi baada ya hesabu hiyo mpangilio wa bei unapinduka: kile kilichoonekana rahisi, yaani mlezi mmoja nyumbani, kinasogea karibu na nyumba ya wazee mara tu mnapoweka zamu ya pili. Ulizeni na hili, hata kama linauma: akifariki usiku, nani anapigiwa simu, na mwili unakaa wapi mpaka mfike?

Tungechagua vipi

Kwa anayetembea na mwenye akili timamu, lakini nyumba ni tupu mchana kutwa: nyumba ya wazee, mradi saa za mikono zisipungue 2 na awe na marafiki wa kucheza nao kete. Kwa aliyepotea akili polepole: nyumbani, walezi wawili wa kupokezana. Kwa wa kitandani mwenye uzito mkubwa, uamuzi ni wa usiku: kama nyumbani hawapo watu wawili wenye nguvu wa kumgeuza, na nyumba ya wazee ina walezi wawili wa usiku, apelekwe huko, kama nayo ina mmoja, abaki nyumbani na mnunue godoro zuri kwa pesa ya miezi miwili ya kwanza. Polikliniki tungeitumia kwa wiki, si kwa miezi: kufunga kidonda, kuishusha sukari, kumfundisha mlezi. Miezi sita pale ni kulipa bei ya hospitali kwa kazi mnayoifanya ninyi.

Siku ya kumwingiza, popote pale, andikeni mbele ya mlezi: uzito au mzingo wa mkono, hali ya visigino na chini ya mgongo kwa picha ya simu, sekunde za kutembea mita 3 kama anaweza, dawa zote na vipimo vyake. Nakala moja ibaki kwao, moja kwenu, zote mbili zitiwe sahihi. Wiki ya nne mrudi na utepe uleule, mpime mkono uleule, mmvue soksi.